Kwa nini viwanja viwili vya ukubwa mmoja havina bei moja? Mahali na thamani ya ardhi Bukoba na Muleba

Tuseme mtu anauza kiwanja Muhutwe, karibu na barabara ya lami. Jirani yake anauza kiwanja cha ukubwa huohuo, lakini kiko bondeni, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Udongo wa bondeni ni mweusi na migomba imestawi. Udongo wa barabarani ni changarawe na nyasi. Wanunuzi wakija, wengi watasimama barabarani, na huko ndiko watakakotaja fedha nyingi zaidi.

Kwa wazee wa Buhaya jambo hili linashangaza. Enzi za ujana wao, ardhi ya changarawe na nyasi haikuwa ardhi ya kugombaniwa. Leo watoto wao wanaiuza, na wengi wanaiuza kwa bei ya zamani kwa mnunuzi anayejua bei ya sasa.

Msikilizaji, makala haya yanaeleza jinsi mahali panavyopandisha au kushusha bei ya ardhi ya makazi katika Bukoba na Muleba, na mambo ya kuuliza kabla ya kuuza au kununua.

Kwa kifupi

- Nyumba unaweza kuibomoa na kuijenga upya. Mahali ilipo huwezi kupabadilisha.
- Zamani bei ilifuata udongo. Sasa, kwa ardhi ya kujenga, inafuata barabara, maji, umeme na huduma.
- Kiwanja cha bei rahisi mara nyingi kina sababu ya kuwa rahisi: maji, mteremko, hifadhi ya barabara au mgogoro.
- Muuzaji wa kijijini hupata hasara anapouza kwa bei ya shamba ardhi ambayo tayari ni ya viwanja.

Kibanja na rweya: bei ya zamani

Katika nchi ya Wahaya, ardhi iligawanyika tangu zamani katika aina mbili kubwa. Kibanja ni eneo la nyumbani lenye migomba, kahawa na maharage, ambalo limewekwa samadi na matandazo kizazi baada ya kizazi. Rweya ni uwanda wa nyasi ulio nje ya vibanja. Huko ng'ombe walichungwa, nyasi zilikatwa za kuezekea, za kutandika ndani ya nyumba na za kufunika udongo wa migomba, na kina mama walilima misiri ya mazao ya msimu.

Udongo wa rweya una rutuba kidogo, kwa sababu mvua nyingi huondoa chumvichumvi zake. Mji wa Bukoba hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi kikubwa kuliko sehemu nyingi za Tanzania. Kibanja kilikuwa na thamani kwa sababu watu walikitengeneza: jasho la babu na samadi ya ng'ombe wake vilikuwa ndani ya udongo ule. Ndiyo maana mtu aliyekuwa na kibanja kizuri alihesabiwa kuwa tajiri hata kama kilikuwa mbali na njia.

Kibanja bado ni chakula na heshima ya familia. Lakini ubora wake wa kilimo hauonekani wote katika bei ya kujengea. Anayetaka kujenga nyumba ya kupangisha hanunui rutuba. Tena kilimo chenyewe kina hatari zake: mnyauko wa migomba ulioripotiwa Muleba mwaka 2006 ulionyesha kwamba kibanja kinaweza kupoteza mapato yake katika misimu michache.

Kutoka ziwani hadi barabarani

Mji wa Bukoba ulianza mwaka 1890, Wajerumani wakiongozwa na Emin Pasha walipoweka kituo chao kando ya Ziwa Victoria. Wakati ule njia kubwa ilikuwa maji. Mizigo, barua na watu walifika kwa mitumbwi na baadaye kwa meli, kwa hiyo maduka na ofisi vilijengwa karibu na ufukwe. Nje ya mji, mahali penye thamani palikuwa kwenye misheni, shule na hospitali: Kashozi, ambako Wakatoliki waliweka misheni mwaka 1892, au nyanda za juu za Kamachumu, penye vibanja vya kahawa na Hospitali ya Ndolage.

Barabara ya lami ilibadilisha mpangilio huo. Leo mtu anaweza kutoka mpakani Mutukula, akapita Bukoba, Kemondo, Muhutwe na Muleba hadi Biharamulo na Lusahunga bila kuacha lami. Vituo vya njiani vimekuwa miji midogo: kuna maduka, mafundi, vyumba vya kupanga, bodaboda na soko. Sehemu ya ardhi iliyozunguka vituo hivyo ilikuwa rweya. Ina nyasi, ni wazi, mara nyingi ni tambarare kuliko vibanja vya mabondeni, na haina migomba ya kung'oa. Kwa anayejenga, hizo zote ni sifa.

Hivi ndivyo ardhi iliyodharauliwa ilivyopata bei. Udongo wake haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni umbali wake kutoka kwa watu, fedha na huduma.

Mambo yanayopandisha bei

*Barabara inayopitika mwaka mzima.* Katika mkoa wa mvua nyingi, swali si "kuna barabara?" bali "gari linafika mwezi wa Aprili?" Kama lori halifiki, mchanga, matofali na saruji vitabebwa kichwani au kwa bodaboda, na gharama ya ujenzi itapanda.

*Maji na umeme.* Angalia nguzo ya umeme iko wapi. Kadiri inavyokuwa mbali ndivyo nguzo za ziada zinavyohitajika, na gharama huongezeka. Kwa maji, uliza bomba linatoa siku ngapi kwa wiki, usiridhike na kuona bomba tu.

*Hospitali, shule na vyuo.* Watumishi na wanafunzi wanahitaji vyumba. Ndiyo maana maeneo yanayozunguka hospitali kama Rubya na Ndolage, au shule kubwa za Bukoba, yana soko la nyumba za kupanga hata yakiwa mbali na katikati ya mji.

*Soko na stendi.* Katikati ya Bukoba, kiwanja kidogo chenye nafasi ya fremu za biashara kinaweza kuzidi bei ya eneo kubwa la pembezoni. Mnunuzi hapo analipia wapita njia.

*Majirani na utaratibu.* Eneo lililopangwa, lenye njia za kutosha gari na viwanja vilivyopimwa, huuzika haraka zaidi. Katika makazi yaliyojengwa holela, hata nyumba nzuri hukosa thamani yake kama gari la wagonjwa au la zimamoto haliwezi kuifikia.

Kuna pia tetesi za miradi. Watu husikia kwamba uwanja wa ndege, chuo au stendi inakuja, na bei hupanda kabla hata jiwe la msingi halijawekwa. Omukajunguti, wilayani Missenyi, mpango wa kujenga uwanja mpya wa ndege ulizungumzwa kwa miaka mingi. Anayenunua kwa sababu ya mradi ajue kwamba analipa leo kitu ambacho huenda kikachelewa sana, na kwamba mradi ukija unaweza kuhitaji ardhi hiyohiyo aliyoinunua.

Mambo yanayoshusha bei

*Maji.* Mto Kanoni unapita katikati ya Bukoba na hufurika mvua zikizidi. Ziwa nalo halikai mahali pamoja. Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalifikia kiwango cha rekodi ya mwaka 1964, na Mei 2024 yakakivuka. Nyumba na biashara za ufukweni ziliingiliwa na maji. Kiwanja chenye mandhari nzuri ya ziwa wakati wa kiangazi kinaweza kuwa ziwa wakati wa masika. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, kama shughuli hizo zinaweza kuharibu mazingira. Bei rahisi ndani ya mita hizo si zawadi.

*Mteremko na uimara wa ardhi.* Miinuko ya Bukoba na Muleba inapendeza machoni, lakini kujenga kwenye mteremko kunahitaji kusawazisha, ukuta wa kuzuia udongo na mifereji. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 lilitikisa Kagera. Watu wasiopungua 17 walifariki, maelfu ya nyumba ziliharibika, na shule za sekondari Ihungo na Nyakato zilifungwa kwa muda. Tangu hapo mnunuzi makini wa nyumba ya Bukoba huuliza ilijengwa lini, kwa tofali gani, na kama ina mkanda wa zege na nondo.

*Hifadhi ya barabara.* Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake ziliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Waliojenga ndani ya eneo la zamani waliwekewa alama ya X nyekundu, kwa maana ya kubomolewa bila fidia. Waliokutwa na nyongeza ya mita 7.5 waliwekewa X ya kijani, kwa maana ya kulipwa fidia eneo likihitajika. Kwa hiyo kiwanja kinachogusa lami kinaweza kuwa na urefu wa mita 40 machoni, lakini sehemu ya mbele yote isiwe yako kujenga.

*Makaburi.* Wahaya wengi huzika ndugu zao katika kibanja. Wanunuzi wengi huogopa kununua penye makaburi, na familia nazo hazitaki kuyaacha. Jambo hili lisemwe mapema, na mipaka ya eneo la makaburi pamoja na njia ya kuyafikia iandikwe katika mkataba.

Karatasi nazo ni sehemu ya bei

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Kinachouzwa ni haki ya kuitumia pamoja na maendelezo yaliyofanyika juu yake. Kwa miaka mingi ardhi tupu ilihesabiwa haina bei mbele ya serikali, ila tu mazao na majengo. Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5, zote za mwaka 1999, zilibadilisha msimamo huo: masilahi katika ardhi yana thamani, na thamani hiyo izingatiwe.

Mjini, kiwanja kilichopimwa hupewa hati ya miaka 33, 66 au 99. Kijijini, Halmashauri ya Kijiji hutoa hatimiliki ya kimila, ambayo haina ukomo wa muda. Viwanja viwili vinavyopakana, kimoja chenye hati na kingine chenye karatasi ya mashahidi tu, havitakuwa na bei moja. Mnunuzi wa kile cha pili anajua kwamba amebeba hatari, na atapunguza bei kwa ajili yake.

Kagera ina suala lake la pekee: ardhi ya ukoo. Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Muleba aliuza kwa shilingi 300,000 shamba la ukoo ambalo baba yake alimwachia kwa wosia. Mnunuzi hakuwa wa ukoo. Ndugu yake alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwamba kwa mila mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilifika Mahakama Kuu Mwanza. Februari 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba kanuni hiyo ilikuwa ya kibaguzi na ilipingana na Katiba: mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kurithi na kuuza.

Hukumu hiyo ilisema pia jambo ambalo wanunuzi husahau. Ardhi ya ukoo ikiuzwa kwa mgeni bila ridhaa ya wanaukoo, mwanaukoo anaweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi bei aliyolipa. Sharti hilo ni kwa muuzaji wa kiume na wa kike sawasawa. Kwa hiyo kabla ya kununua kibanja cha ukoo, kaa na ukoo. Na kama nyumba ni ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi kabla ya kuiuza.

Hesabu mbili za mfano

Fedha zinazotajwa hapa ni za mfano tu, si bei za soko.

*Muuzaji.* Familia ina eka moja ya rweya karibu na kituo cha barabarani. Wanaiuza kama shamba kwa shilingi milioni 6. Eka moja ni takriban mita za mraba 4,047. Mnunuzi anaacha robo kwa ajili ya njia, na zilizobaki, kama mita za mraba 3,000, anazigawa viwanja 6 vya mita 20 kwa 25. Kila kimoja anakiuza milioni 3, jumla milioni 18. Akitoa milioni 3 za upimaji na gharama nyingine, anabaki na milioni 15. Tofauti ya milioni 9 ni bei ya mahali, ambayo familia haikuidai.

Mnunuzi hakuiba. Alilipia upimaji, alisubiri wateja, na huenda asingewapata. Lakini familia ingeweza kuuza viwanja viwili, ikapata fedha zilezile milioni 6 kabla ya gharama za upimaji, na sehemu kubwa ya eka ikabaki mikononi mwao.

*Mnunuzi.* Kiwanja cha kwanza ni milioni 5, tambarare, karibu na njia na nguzo. Cha pili ni milioni 3, kiko mteremkoni. Kusawazisha na kujenga ukuta wa kuzuia udongo ni milioni 1.5. Kufikisha vifaa ni laki 7. Umeme, kwa sababu ya nguzo za ziada, ni laki 5. Jumla ya cha pili ni milioni 5.7. Kile kilichoonekana rahisi kimezidi.

Angalia pia kipimo. Vijijini eka huhesabiwa hatua 70 kwa 70. Hesabu hiyo inatimia kama hatua ni ndefu, karibu sentimita 91. Mpimaji mwenye hatua ya sentimita 75 atapata mita za mraba 2,756, yaani karibu theluthi moja ya eka imepotea. Tumia futi kamba, au mpima ardhi.

Serikali ikihitaji eneo lako

Fidia nayo hufuata mahali. Kanuni za mwaka 2001 zinataka tathmini ya thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, pamoja na posho ya usumbufu, usafiri, posho ya makazi kwa kiwango cha kodi ya miezi 36, na hasara ya faida ya biashara. Migomba na mibuni huhesabiwa shina kwa shina. Kwa hiyo siku ya tathmini uwepo mwenyewe, hakikisha kila shina na kila jengo limeandikwa, na usisaini fomu ambayo hujaisoma. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6, riba inapaswa kulipwa.

Maswali ya kuuliza

Kama unauza:

1. Viwanja vya jirani vimeuzwa kwa shilingi ngapi mwaka huu? Uliza watu watatu, si dalali mmoja.
2. Mnunuzi anataka kulima, kujenga au kugawa viwanja?
3. Naweza kuuza sehemu tu?
4. Mwenzi wangu, watoto na ukoo wanajua?
5. Fedha zikiisha, tutakula wapi?

Kama unanunua:

1. Nimefika hapa wakati wa mvua, au nimewauliza majirani maji yanafika wapi?
2. Ni mita ngapi kutoka katikati ya barabara, na kutoka ukingo wa mto au ziwa?
3. Ofisi ya ardhi ya halmashauri imepanga eneo hili kwa matumizi gani? Lisije likawa limepangwa kuwa barabara, shule au eneo la wazi.
4. Kama kuna hati, nimefanya upekuzi kwa Msajili wa Hati? Kama hakuna, Halmashauri ya Kijiji au serikali ya mtaa inamtambua muuzaji?
5. Majirani wa pande zote wamekubali mipaka?

Ukitaka kujua thamani kwa uhakika, hasa kwa mkopo, mirathi au fidia, mtafute mthamini aliyesajiliwa. Kazi yake inasimamiwa na Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016. Mgogoro ukitokea, anzia Baraza la Ardhi la Kata kwa usuluhishi, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,458,023 mkoani Kagera. Ya mwaka 2022 ilihesabu 2,989,299. Zaidi ya watu nusu milioni wameongezeka katika miaka 10, na ardhi ni ileile. Kwa hiyo kabla ya kukubali bei ya kwanza, panda bodaboda hadi barabarani, tazama kilichojengwa tangu mwaka jana, kisha rudi uongee na familia.